Treni ya Kuunda na Treni ya Kununua

Ukitazama ramani ya Tanzania unaiona nchi nzima juu ya karatasi moja. Ramani ni kielelezo cha nchi. Vivyo hivyo, treni ndogo ya kuchezea ni kielelezo cha treni ya kweli. Kielelezo cha treni hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kukinunua kikiwa kamili: unakitoa katika sanduku, unakiweka juu ya reli zake, nacho kinakwenda. Njia ya pili ni kukiunda mwenyewe, ama kwa vipande vilivyotengenezwa kiwandani, ama kwa makopo, vijiti na waya. Katika somo hili tutazilinganisha njia hizo mbili. Tutagundua pia siri moja ya magurudumu ya treni, ambayo watu wengi waliosafiri kwa treni mara nyingi hawaijui.

Mji wa Sanya Juu uko upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, katika Wilaya ya Siha. Reli haifiki huko. Mtoto wa Sanya Juu akitaka kuiona, sharti ateremke kwa barabara hadi Boma Ng'ombe, kisha aendelee kusini katika tambarare, ambako reli ya kutoka Moshi kwenda Arusha inapita. Reli hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na baadaye ikaendelezwa hadi Arusha. Baada ya miaka mingi bila treni ya abiria, Moshi iliipokea tena treni hiyo mwezi wa Desemba 2019.

Sasa tuseme watoto wawili wa Sanya Juu wana treni. Wa kwanza amenunuliwa yake na shangazi katika duka la mjini Moshi. Ni ya plastiki, inakwenda kwa betri, na reli zake zinaunganishwa zikawa duara. Wa pili ameiunda yake. Injini ni kopo la maziwa ya unga, mabehewa ni vipande vya mbao vilivyotupwa na wapasua mbao, na magurudumu yamekatwa katika ndala zilizochakaa. Reli zake ni fito mbili zilizonyooka, zimepigiliwa juu ya vijiti vinavyofanya kazi ya mataruma.

Siku ya kwanza treni ya dukani inashinda. Inazunguka bila kuanguka, na taa yake inawaka. Treni ya kopo inakwenda vizuri mahali paliponyooka, lakini ikifika kwenye kona inaruka nje ya reli. Yule aliyeiunda anairudisha, nayo inaruka tena. Je, kosa liko wapi?

Tuanze na kona yenyewe. Chora uwanjani nusu duara mbili zenye kitovu kimoja, ya ndani iwe na nusu kipenyo cha sentimita 50 na ya nje sentimita 60. Huo ni mfano wa reli mbili zinazopinda. Lazeni uzi juu ya kila mstari, kisha unyoosheni na kuupima. Mtaona kwamba reli ya ndani ina urefu wa sentimita 157 hivi, na ya nje ina sentimita 188 hivi. Kwa hiyo gurudumu la nje lina safari ndefu zaidi, ya kiasi cha sentimita 31, na lazima yote mawili yafike pamoja.

Katika gari la kuchezea la waya jambo hili si taabu, kwa sababu kila gurudumu linazunguka peke yake: la nje huzunguka mara nyingi zaidi. Treni ya kweli haiko hivyo. Magurudumu yake mawili yamekazwa katika mhimili mmoja wa chuma. Mhimili ukizunguka mara moja, magurudumu yote mawili huzunguka mara moja. Basi la nje litawezaje kwenda mbali zaidi ya la ndani?

Tufanye jaribio. Tafuteni vikombe vinne vya plastiki au vya karatasi vilivyo sawa, vyenye mdomo mpana na kitako chembamba. Chukueni viwili, mviunganishe mdomo kwa mdomo kwa solotepu, ili umbo litakalopatikana liwe nene katikati na jembamba kwenye ncha. Viwili vilivyobaki viunganisheni kitako kwa kitako, ili umbo liwe jembamba katikati na nene kwenye ncha. Kisha wekeni fito mbili zilizonyooka, zenye urefu wa mita moja, sambamba juu ya meza. Nafasi kati yake iwe kama nusu ya urefu wa umbo. Inueni ncha za upande mmoja kwa kitabu ili fito ziteremke kidogo. Sasa viringisheni kila umbo kutoka juu. Rudieni mara kumi, na kila mara andikeni kama umbo limefika chini au limeanguka.

Umbo lililo nene katikati hufika chini. Hata ukiliweka upande kidogo, hujiyumbisha kushoto na kulia na kurudi katikati. Umbo lililo jembamba katikati huenda upande mmoja, na likishaanza halirudi, bali huanguka. Msiamini maneno haya kwa kuyasoma tu. Fanyeni jaribio, kwa maana mara ya kwanza watu wengi hukisia kinyume.

Sababu yake ni hii. Umbo lililo nene katikati likisogea upande wa kushoto, sehemu inayogusa ufito wa kushoto inakuwa nene zaidi, na inayogusa ufito wa kulia inakuwa nyembamba zaidi. Kwa kila mzunguko, sehemu nene huenda mbali kuliko sehemu nyembamba. Hivyo upande wa kushoto hutangulia, na umbo hugeuka kuelekea kulia, likarudi katikati. Likipita mno kulia, jambo lile lile hutokea kwa upande wa pili. Linajiongoza lenyewe bila usukani.

Gurudumu la treni limechongwa kwa namna hiyo. Upande wake wa ndani ni mnene kidogo kuliko upande wa nje. Tofauti ni ndogo sana. Mara nyingi mwinamo wake ni milimita 1 kwa kila milimita 20 za upana, na mtu anayesimama stesheni hawezi kuutambua kwa urahisi. Treni ikiingia kwenye kona, magurudumu husogea kidogo kuelekea reli ya nje. Hapo gurudumu la nje hukanyaga reli kwa sehemu yake nene, na la ndani kwa sehemu yake nyembamba, kwa hiyo la nje huenda mbali zaidi ijapokuwa yote mawili yamezunguka mara moja. Watu wengi husema kwamba treni huzuiwa isianguke na ule ukingo ulio upande wa ndani wa kila gurudumu. Ukingo una kazi yake, lakini ni kama ukuta wa daraja: upo kwa ajili ya hatari, na dereva mwema hauegemei.

Turudi kwa mtoto wa treni ya kopo. Magurudumu yake ya ndala yalikatwa wima, yakawa bapa kama sarafu, na hayakuwa na ukingo. Akiyakata upya kwa kukiinamisha kisu, akayapigilia imara katika ncha za kijiti kimoja, sehemu nene zikielekeana, treni yake itaipita kona iliyo pana. Kona kali bado itamshinda, mpaka aongeze ukingo kwa kifuniko cha kopo kilicho kipana kidogo kuliko gurudumu. Mwenzake mwenye treni ya plastiki hajawahi kuuliza swali hata moja juu ya kona, maana yake haikuanguka.

Isidhaniwe kwamba treni ya kununua haina faida. Inazo mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba mwendo wake hubadilika kidogo tu, kwa hiyo inafaa kwa kupimia: mnahesabu sekunde inazotumia kuzunguka duara mara moja, mnaupima urefu wa duara, nanyi mnapata mwendo wake. Kwa treni inayosukumwa na mkono jambo hilo ni gumu. Faida ya pili ni usahihi wa vipimo. Treni nzuri za kiwandani hutengenezwa kwa skeli. Skeli inayotumika sana duniani ni 1:87, maana yake kila sentimita 1 ya kielelezo ni sentimita 87 za treni ya kweli. Reli yetu ya Moshi ina upana wa mita 1, hivyo kwa skeli hiyo itakuwa na upana wa milimita 11 na nusu tu.

Zamani Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa na injini 34 kubwa za mvuke zilizopewa majina ya milima. Moja yao, nambari 5918, yenye jina la Mlima Gelai ulio kaskazini mwa Tanzania, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli mjini Nairobi. Urefu wake ni karibu mita 32, na uzito wake ulizidi tani 250. Kwa skeli ya 1:87 urefu utakuwa karibu sentimita 37. Je, uzito utakuwa tani 250 zigawanywe kwa 87? Hapana. Fanyanga udongo wa mfinyanzi mchemraba wenye upande wa sentimita 1, kisha mwingine wenye upande wa sentimita 2. Kujenga ule mkubwa unahitaji midogo 8, wala si 2, kwa kuwa urefu, upana na kimo vyote vimeongezeka. Basi uzito lazima ugawanywe kwa 87 mara tatu. Ile injini ya tani 250, kama ingepunguzwa hivyo kwa chuma kile kile, ingekuwa na uzito wa gramu 380 hivi, pungufu ya nusu kilo ya sukari. Ndiyo sababu treni ndogo huruka reli kwa urahisi. Mtoto wa treni ya kopo anaweza kutia kokoto ndani ya mabehewa, lakini aziokote njiani, asizichukue kamwe relini. Kokoto na boliti za reli hulinda maisha ya watu.

Katika nchi nyingine kuna njia iliyo kati ya hizo mbili. Watu hununua sanduku la vipande, wakavikata, wakavisugua kwa tupa, wakavigundisha na kuvipaka rangi kwa wiki nyingi. Frank Hornby wa Liverpool, Uingereza, aliyepata hataza ya vyuma vya watoto vya kuungia mwaka 1901, alianza kuuza treni mwaka 1920, na treni zake za kwanza ziliungwa kwa skrubu na nati, hivyo mtoto aliweza kuzifungua na kuziunga tena.

Hapa ndipo mwandishi wa somo hili anapoona tofauti yenyewe. Treni ya plastiki itasimama siku moja. Huenda kipande cha chuma kinachogusa betri kimeshika kutu, na kinahitaji kusuguliwa kwa karatasi ya msasa tu. Mwenye treni ambaye hajawahi kuunda kitu ataitupa. Yule wa kopo ataomba bisibisi. Atoe betri kwanza, na asijaribu hata kidogo kuiunganisha treni na umeme wa nyumbani.

Maswali

1. Kwa nini mtoto wa treni ya kopo alihitaji kupigilia magurudumu imara katika kijiti?
2. Behewa lina urefu wa mita 17 na sentimita 40. Kwa skeli ya 1:87 litakuwa na urefu gani?
3. Mchemraba wa upande wa sentimita 3 unahitaji michemraba mingapi ya sentimita 1?
4. Rudieni jaribio la vikombe kwa kupinda fito kidogo. Umbo lipi linapita kona? Tazameni ni sehemu gani ya umbo inayogusa ufito wa nje, kisha mchore picha yake.