Chesi, drafti na bao lile lile

MASHABIKI wa Shinyanga na Geita hawahitaji darasa la machungu ya soka. Stand United, 'Chama la Wana', iliiaga Ligi Kuu mwaka 2019. Mwadui FC, timu ya mgodi wa almasi, ikafuata 2021. Geita Gold ikapanda mwaka huohuo, ikamaliza ya nne msimu wake wa kwanza, na straika wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Mwaka 2024 nayo ikashuka.

Timu ikishuka, hoja ya kijiweni ni moja: "Mabao yale yale kila wiki, benchi linaangalia nini?" Cha ajabu, anayesema hivyo mara nyingi ameinamia ubao wa drafti wenye vizibo vya soda, na anapigwa mtego ule ule aliopigwa jana. Kwenye drafti ukilishwa lazima ule. Mjanja anakupa kete moja, unaila, naye anazoa mbili.

Wacheza chesi, ndugu wa drafti, wana dawa yake: mafumbo. Unapewa ubao ukiwa katikati ya mchezo, unatafuta pigo la kumaliza. Ukikosa, hapo ndipo kazi inaanza.

Chukua fumbo hili. Mfalme mweusi yuko mstari wake wa mwisho, amebanwa na askari wake watatu waliosimama mbele yake. Ngome moja tu inamlinda. Weupe wana malkia, na nyuma yake ngome, kwenye njia moja. Jibu: malkia anazama hadi mstari wa mwisho, ngome nyeusi inamla, ngome nyeupe inaila hiyo ngome. Kwisha kazi, mfalme hana pa kukimbilia.

Wengi hukosa kwa kuogopa kumtoa malkia. Wanachungulia jibu, wanasema "aah, kumbe!", wanasonga mbele. Kesho wanaletewa ubao uleule, ila askari wa pembeni amesogea hatua moja. Wanamtoa malkia kwa mbwembwe, mfalme anachomoka kwenye kile kidirisha, na malkia ameuzwa kwa bei ya ngome. Walikariri jibu, sababu hawakuishika.

Ndiyo maana wajuzi huandika kosa daftarini kwa jina lake. Hukuliona pigo kabisa? Uliliona, ila hukuhesabu jibu la mpinzani? Au ulikurupuka? Baada ya siku kadhaa wanalirudia fumbo bila kuchungulia.

Hans Tikkanen wa Sweden alirudia rundo lile lile la mafumbo mara nyingi, kila duru kwa kasi zaidi. Mwaka 2010 akatimiza vigezo vitatu vya ugrandmasta ndani ya wiki saba.

Kwenye soka ni hivyo hivyo. Beki aliyefungwa kwa krosi ya nguzo ya pili hasaidiwi na kelele za "amka!" Aliangalia mpira akamsahau mtu? Alisimama vibaya? Aliachwa peke yake? Kila jibu lina mazoezi yake.

Basi jioni ya leo ukipigwa mtego kijiweni, usikimbilie kupanga kete upya. Zirudishe zilipokuwa, utafute ulipokosea, ucheze tena kutoka hapo. Ukimaliza, ndipo ulilaumu benchi.