Base ya Kamina: Kupunguza tumbo ao kuongeza misuli, bukari iwe kiasi gani?

Hapa Base ya Kamina, mazoezi si jambo geni. Tangu wakati wa Wabelgiji, Base ni pahali pa wanajeshi, na mpaka leo wakurutu wa FARDC wanafundishwa hapa. Raia nao wanakimbia asubuhi, wengine wanabeba vyuma. Lakini kwenye sahani, mwenye tumbo anakata bukari kabisa, na mwembamba anaongeza mulima wa bukari na mboga kidogo. Wote wawili wanaweza kujisumbua bure.

Bukari inafanya nini mwilini?

Kwenye vituo vya afya tunafundishwa vikundi vitatu: vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili. Bukari, wali, viazi, mukate na sukari vinatia nguvu, juu ndani yake muko wanga. Mwili unageuza ile wanga kuwa sukari. Sehemu inatumika palepale, ingine inawekwa akiba kwenye ini na kwenye misuli. Ni ile akiba unatumia ukikimbia ao ukibeba muzigo.

Kila gramu ya ile akiba inashika karibu gramu 3 za maji. Ndiyo maana mutu akiacha bukari juma moja, kilo zinashuka mbio. Sehemu kubwa ni maji, mafuta ya tumbo yangali pale. Akirudilia kula, kilo zinarudi.

Kwa mwenye kupunguza mafuta

Mafuta yanapungua wakati mwili unatumia nguvu kupita ile unaingiza. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza matokeo ya watu 609 waliofuatwa mwaka muzima. Kundi moja lilipunguza wanga, lingine mafuta. La kwanza lilipoteza karibu kilo 6, la pili kilo 5 na kidogo: karibu sawa.

Kwa hiyo bukari si adui. Anza na sukari ya chai, vinywaji vya sukari, pombe na mikate ya kukaanga. Angalia pia mafuta ya kupikia: gramu moja ina kalori 9, na ya wanga ina 4. Kisha punguza bukari kidogo kidogo, na pahali yake weka sombe, lengalenga na maharagi.

Kwa mwenye kutafuta misuli

Misuli inajengwa na mazoezi pamoja na protini, wanga inaleta nguvu ya kufanya ile kazi. Mwenye kubeba vyuma anahitaji karibu gramu 1,6 za protini kwa kila kilo ya mwili. Mutu wa kilo 60 anafika karibu gramu 96 kwa siku. Gramu 100 za maharagi makavu zina zaidi ya 20, karanga karibu 25, samaki mubichi karibu 20, yai moja 6.

Angalia na unga. Gramu 100 za unga ya muhindi zina protini karibu 8, lakini ya muhogo haina hata 3. Mwenye kula bukari ya muhogo mutupu aongeze mboga zaidi.

Na wanga? Mwenye mazoezi ya karibu saa moja kila siku anahitaji gramu 5 mpaka 7 kwa kilo, mwenye mazoezi mepesi 3 mpaka 5. Kwa yule wa kilo 60, gramu 300 za wanga ni karibu gramu 400 za unga ya muhindi kabla ya kusonga. Siku ya kupumzika, apunguze.

Nani asikate bukari?

Wengi kwetu wanakula mara moja kwa siku. Huyo asikate bukari, ila atafute maharagi ao karanga za kuongeza. Watoto, mama wajawazito na wenye kunyonyesha wasipunguziwe. Mugonjwa wa sukari anayetumia dawa aone munganga kwanza, juu sukari inaweza kushuka hata akaanguka.

Kila juma mbili, pima kiuno na kamba. Kikipungua na nguvu zingali, kipimo chako ni kizuri. Nguvu zikiisha kwenye mazoezi, rudisha bukari kidogo.