Mfupa Uliovunjika na Picha Yake: Habari za Pwani ya Muhuta

Barabara itokayo Bujumbura kuelekea Rumonge hupita Muhuta ikiwa imebanwa baina ya milima na Ziwa Tanganyika, na mtu afikapo Gitaza, ambako mvua kubwa zimewahi kuuporomosha mlima juu ya nyumba na njia, hufahamu kwa nini kuvunjika mifupa si jambo la nadra katika pwani hii. Pikipiki na malori hupishana katika kona nyembamba, vijana hupanda michikichi mirefu kukata mikungu ya chikichi, na wavuvi huteleza ndani ya mitumbwi iliyolowa. Kila mmoja huanguka kwa namna yake, na tabibu hodari huiuliza namna hiyo kabla hajaagiza picha.

Nalisisitiza jambo hili kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba picha ya mfupa, ile iitwayo radio na wakazi wa huku, ndiyo tiba yenyewe. Tangu Wilhelm Conrad Röntgen alipoigundua miali ya eksirei mjini Würzburg mwezi Novemba 1895, akaupiga picha mkono wa mkewe kabla ya mwaka kwisha, matabibu wamepata shahidi mkubwa. Lakini shahidi huyo huyajibu yale aliyoulizwa tu. Aangukaye kutoka juu ya mchikichi akatua kwa visigino, hata kama analalamikia kisigino peke yake, hana budi kupapaswa na mgongo, maana nguvu iliyokivunja kisigino hupanda hadi kiunoni, na asipochunguzwa huko huenda akarudi kwao na pingili iliyopasuka.

Kadhalika picha moja haitoshi. Hupigwa aghalabu mbili, ya mbele na ya ubavuni, kwani ufa usioonekana upande mmoja huwa bayana upande wa pili, na kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko nacho huhitaji kutazamwa. Kwa watoto hadhari huzidi: gegedu ya kukulia, iliyo karibu na ncha ya mfupa, huonekana katika picha kama pengo, na asiyezoea huweza kuidhania ufa, au akaudhania ufa wa kweli kuwa ni gegedu.

Wala si kila aliyeteguka apigwe picha. Mwaka 1992 Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, nchini Kanada, walitangaza kanuni za kifundo cha mguu: mtu mzima anayeweza kukanyaga hatua 4, wala haumii mfupa anapobonyezwa kwenye nundu mbili za kifundo, kwa kawaida hana haja ya picha ya kifundo hicho. Kwa jamaa wa Muhuta watakaotafuta nauli ya kwenda mjini pamoja na gharama ya mashine, kanuni hiyo ni neema kubwa.

Lipo pia lisilongoja picha hata kidogo. Paja lililovunjika huweza kuficha zaidi ya lita 1 ya damu, kwa hiyo mguu hufungiwa banzi palepale ajali ilipotokea, kabla majeruhi hajabebwa. Kidonda kilicho wazi juu ya mfupa hufunikwa kwa kitambaa safi, na dawa ya kuua vijidudu na chanjo ya pepopunda hutolewa mapema. Tumbo likishukiwa kuvuja damu ndani, ultrasaundi huweza kuionyesha mgonjwa akiwa kitandani mwake.

Lakini linalonitia hofu kuliko yote ni kifungo kilichokazwa mno, kiwe cha mganga wa kuunga mifupa au cha plasta ya hospitali. Nyama huvimba ndani yake, damu ikakosa njia. Maumivu yakizidi kila saa, yakawa makali zaidi vidole vinaponyooshwa, kifungo hufunguliwa upesi na mgonjwa hupelekwa kwa mpasuaji usiku huohuo. Hapana picha ya eksirei itakayoonyesha nyama inayokufa, na kuungoja ubaridi wa vidole ni kuchelewa. Waganga wetu wa kienyeji, ambao watu huwaamini kwa haki, wafundishwe dalili hizi bila kudharauliwa.

Na picha huweza kunyamaza. Mfupa mdogo wa kifundo cha mkono, ulio chini ya kidole gumba, ukivunjika huenda usionyeshe ufa siku za mwanzo. Mvuvi anayeumia hapo hufungwa mkono kana kwamba umevunjika, akapigwa picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Akirejea kuvuta nyavu kabla ya hapo, kipande kimoja cha mfupa huo huweza kukosa damu kikafa. Basi muuguzi amwandikie tarehe ya kurudi kwenye karatasi ileile atakayoondoka nayo.