Hodi Iliyokataliwa: Kisa cha Mgeni Aliyetoka Mumias Mwaka 1885

Mwenye kupiga hodi hujua kwamba mlango una mwenyewe. Adabu hii watu wa Pwani tumefunzwa chuoni, kabla ya kushika kalamu ya Kizungu. Surat an-Nur, katika aya ya 27 na ya 28, yatukataza kuingia nyumba za watu mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu wenyeji. Na tukiambiwa turudi, basi turudi, kwani huko ndiko kutakasika kwetu.

Siku hizi idhini hiyo hupigwa muhuri ikaitwa viza. Lakini watu wengi hawajui kwamba viza ni ruhusa ya kuufikia mlango tu. Mwenye neno la mwisho ni yule afisa aketiye mpakani. Ndiyo maana wapo wasafiri wanaoshuka katika ndege na viza zao safi, wamekwisha kuaga jamaa na kusomewa dua, wakaambiwa hapo hapo kwamba viza imefutwa.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya yameanza na ndege. Kisa kikubwa cha namna hii katika Afrika Mashariki kilitokea mwaka 1885, na njia yake ilipita Mumias.

Mumias, katika Kakamega ya leo, ulikuwa mji wa Nabongo, mfalme wa Wawanga. Watu wa misafara waliuita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo mmoja, kisha Kwa Mumia, kwa jina la mwanawe aliyemrithi na kuishi hadi mwaka 1949. Waswahili kutoka pwani walifika hapo kutafuta pembe za ndovu. Walipokewa, wakakaa, na hatimaye Uislamu ukaingia hata katika ukoo wa Nabongo mwenyewe. Hodi yao iliitikiwa.

Mwaka 1883 alipita hapo Joseph Thomson, Mskoti aliyekata njia ya Umasaini. Alifika ukingoni mwa Ziwa Nyanza mwezi wa Desemba, akageuza msafara akarudi. Hakuingia Busoga, nchi iliyokuwa chini ya mkono wa Buganda.

Miaka miwili baadaye akaja James Hannington, askofu wa Kianglikana aliyewekwa mwaka 1884. Aliondoka Rabai Julai 1885 na wapagazi wapatao mia mbili. Njia ya Umasaini ilikuwa fupi kuliko ile ya kusini, ya Bagamoyo na Tabora. Ufupi huo ndio uliomponza.

Huko Buganda, wamisionari wenziwe, akiwamo Alexander Mackay, walikwisha kumpigia hodi kwa Kabaka Mwanga. Kabaka alikuwa kijana aliyekalia kiti mwaka mmoja tu. Kwanza alikubali mgeni aje. Kisha wakuu wake wakafanya shauri, na ruhusa ikageuzwa: mgeni achukuliwe kwa mashua, apelekwe kusini ya ziwa, akangoje huko. Kwa lugha ya leo, viza ilikuwa imebadilishwa naye yu njiani.

Wakuu hao hawakushikwa na wazimu. Waganda walikuwa na itikadi ya siku nyingi kwamba watakaoila nchi yao watatokea mashariki, upande wa Busoga. Tena mwaka huo huo Wajerumani walikuwa wakijitwalia nchi za bara, na mwezi wa Agosti manowari zao zilitia nanga mbele ya Unguja kumtisha Sayyid Barghash. Mzungu mkubwa atokeaye mashariki wakati kama huo alionekana kuwa jicho la jeshi.

Mashua ilipelekwa, lakini hawakukutana. Khabari kwamba ruhusa imegeuka haikumfikia Hannington. Alimwacha Mumias padri William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Uhindini, pamoja na sehemu kubwa ya msafara. Yeye akatwaa watu wapatao hamsini akaenda kwa miguu. Tarehe 21 Oktoba alikamatwa Busoga, katika nchi ya mkuu aitwaye Luba. Akafungwa siku nane, wajumbe wakaenda kwa Kabaka wakarudi. Tarehe 29 Oktoba akauawa, na watu wake pamoja naye. Waliosalimika walikuwa wanne.

Jones aliyekuwa akingoja Mumias aliwarudisha waliobaki. Waliingia Rabai Februari 1886, mbele yao bendera ya buluu iliyoandikwa neno la Kiyahudi, Ichabod, yaani utukufu umeondoka.

Kabaka alikuwa na haki ya kumzuia mgeni, kwani mlango ulikuwa wake. Lakini kumrudisha mgeni kwahitaji mambo mawili: aambiwe, na aachiwe njia ya kurudi. Hannington hakupewa hata moja. Na wale wapagazi, watu wa pwani waliofuata mshahara wao, walikosa nini? Kanisa humkumbuka Askofu kila tarehe 29 Oktoba. Wapagazi hutajwa kwa hesabu tu. Mwanga naye hakusalimika na mipaka: Waingereza walimpeleka Shelisheli, akafa huko mwaka 1903.

Mpaka wenyewe nao ukahama. Mumias ulihesabiwa kuwa upande wa Uganda mpaka mwaka 1902, Waingereza walipoitia sehemu hiyo katika Kenya. Nabongo alilala katika nchi moja akaamka katika nyingine, bila kutoka uani kwake. Leo mwananchi wa Kenya avuka Busia kwenda Uganda kwa kitambulisho tu, jambo lililoruhusiwa tangu mwaka 2014.

Lakini kwa safari za mbali, kisa hiki kingali na mafunzo. Ukiambiwa mpakani kwamba viza imefutwa, usipandishe sauti, wala usiseme uongo, kwani uongo huandikwa na kukungoja safari ijayo. Omba sababu kwa maandishi. Katika nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen, afisa analazimika kukupa karatasi yenye sababu na kukueleza namna ya kukata rufani. Uliza vizuri: je, viza yenyewe imefutwa, ama umekataliwa kuingia leo tu? Hayo ni mambo mawili, na utakapoomba tena utaulizwa. Usitie sahihi karatasi usiyoifahamu, omba mkalimani. Karatasi hizo zihifadhi kama hati ya shamba.

Na ikiwa ni kurudi, rudi. Fedheha ya kurudi na sanduku lako, majirani wakichungulia dirishani, ni chungu, lakini hupoa. Aliyerudi anaweza kupiga hodi tena. Thomson aliyegeuka ziwani alifika kwao akaandika kitabu.

Mwenyezi Mungu awape wasafiri wetu wenyeji wema. Na pale mlango unapofungwa, awape wa kuwaambia mapema, na njia ya salama ya kurudia kwao.