Jowett Javelin: Gari Zuri Lililoponzwa na Giaboksi

Mtu anayenunua leo saluni ya Kiingereza iitwayo Jowett Javelin kwa nia ya kuikarabati, hununua pamoja nayo maradhi yaliyokiua kiwanda kilichoiunda.

Gari hilo lilibuniwa na mhandisi Gerald Palmer, aliyekulia Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe. Liliundwa kuanzia 1947 hadi 1953 huko Idle, pembezoni mwa Bradford. Kabla ya hapo Jowett ilijulikana zaidi kwa vigari vya kazi vya silinda mbili. Javelin lilikuja na silinda nne zilizolazwa, mbili kila upande, zenye ujazo wa sentimita 1,486, na rejeta ikakaa nyuma ya injini. Mwaka 1949 lilishinda daraja lake katika mashindano ya Monte Carlo, na 1953 likashinda mashindano ya Tulip ya Uholanzi kwa jumla.

Sasa, gari la namna hiyo linakufaje? Mwanzoni giaboksi zilinunuliwa kwa kampuni ya Meadows. Baadaye Jowett ikaamua kujitengenezea yenyewe, na zile za mwanzo zikawa na kasoro, gea zikiruka zenyewe. Wakati huo mabodi yaliendelea kuletwa na kampuni ya Briggs kutoka Doncaster, yakarundikana bila kuwa na cha kufungiwa. Briggs nayo ikanunuliwa na Ford mwaka 1953. Mwaka uliofuata kiwanda cha Idle kikauzwa kwa International Harvester. Yalikuwa yametoka magari kiasi cha 23,000 tu.

Kwa fundi wa leo, kutu ndiyo adui wa kwanza. Bodi na fremu ni kitu kimoja, kwa hiyo chuma kikiliwa chini ya milango, gari zima limepoteza uti wa mgongo. Kuziba kwa bati na rangi ni udanganyifu. Lazima kukata na kuchomelea chuma kipya.

Injini inataka subira zaidi. Bloku ni ya alumini, tena ya vipande viwili vinavyobanwa pamoja, na ndani yake mna slivu za chuma zinazozungukwa na maji. Slivu hizo lazima zichomoze kidogo sana juu ya bloku ili gasketi izibane barabara. Zikizama, maji huingia kwenye oili, na fundi mwenye haraka hulaumu gasketi. Krenkshafti nayo hupimwa nyufa kabla ya lolote, kwani za awali zilikuwa na tabia ya kukatika. Za mwishoni ziliimarishwa.

Wako wanaochoka njiani wakatia injini na giaboksi za kampuni nyingine. Hawa wana hoja, maana spea ni adimu, na zilizopo nyingi hupatikana kwa sababu wenye magari hayo wameungana katika chama na kuzitengenezesha upya. Giaboksi ya kuazima mimi naisamehe, hasa nikikumbuka historia yake. Injini siisamehi. Ukiiondoa ile ya silinda zilizolala, Palmer hayumo tena ndani ya gari. Limebaki bodi la Doncaster lenye nembo ya Jowett.