Unaniona, mbona hunisalimii?

Mpenzi msomaji, kila mwezi nawahimiza muwe wawazi kwa wapendwa wenu. Leo zamu yangu kujianika.

Mama yangu anaishi Somanda, mjini Bariadi. Mimi niko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Baba alipofariki tulimwomba mama ahamie kwetu, akakataa katakata. Ana kuku wake, shamba lake la pamba, na wenzake wa kanisani. Sasa mtoto wa kike ufanyeje? Nikaja na suluhisho la kisomi: nyumba ya mama niiunganishe na simu yangu.

Fundi alifunga kamera mbili, moja mlangoni na moja sebuleni. Akaweka kifaa cha kuwasha taa ya nje, na kingine cha pampu inayopandisha maji kwenye tangi. Vyote vinawasiliana na ruta ndogo yenye laini ya simu na bando la mwezi. Niko kwenye foleni Ubungo, nagusa kioo, taa ya barazani kwa mama inawaka. Jamani, raha! Ofisini hakuna ambaye sikumwonyesha.

Zamani nilikuwa nampigia mama kila siku saa moja jioni. Taratibu nikaacha. Ya nini, wakati namwona? Nachungulia, yupo kwenye kochi anachambua mchicha. Safi. Nafunga, naendelea na mambo yangu.

Siku kamera ilipozima

Ijumaa moja nikafungua programu, kamera hazipatikani. Nikasema ni mtandao tu, si unajua tena. Jumamosi vilevile. Wala sikupiga simu.

Jumapili mchana jirani akapiga. Mama alikuwa na homa kali tangu Ijumaa, peke yake, maana msichana anayemsaidia alikuwa amekwenda kwao. Uniti za LUKU ziliisha, nyumba ikawa giza, simu yake ikaisha chaji. Jirani alikwenda kumwangalia kwa sababu hakumwona kanisani. Ilikuwa malaria. Alitundikiwa dripu, akapona, namshukuru Mungu.

Kinachoniuma ni kwamba umeme ningenunua kwa simu kwa dakika moja, nikazituma zile namba 20 kwa jirani azibonyeze kwenye mita. Nilikuwa nawasha taa za mama bila kujiuliza kama ana umeme!

Nilipanda basi. Kufika, nakuta kamera ya sebuleni imefunikwa khanga.

"Mayu, mbona umeifunika?"

"Mwanangu, jicho hili linaniona, lakini halinisalimii. Zamani ulikuwa unaniuliza nimekula nini."

Sikuwa na jibu.

Nani kashika swichi?

Mambo haya si mageni kwetu. M-KOPA ilianza kuuza sola za kulipia kidogo kidogo kwa simu nchini Kenya mwaka 2012, na mtindo huo ukaenea vijijini hadi Tanzania. Ndani ya boksi kuna laini ya simu. Umelipa, taa zinawaka. Siku ulizolipia zikiisha, taa zinafungwa kutoka mbali. Kwa hiyo bibi kijijini alijua mapema kuliko sisi wa mjini kwamba aliyeshika swichi ana nguvu juu ya aliyekaa ndani.

Hapo ndipo mapenzi yanapoharibika. Mume anafunga kamera kwa ajili ya wezi, baada ya wiki anamuuliza mkewe yule mgeni wa saa nne ni nani. Ulinzi umeshageuka upelelezi.

Kabla hujamwita fundi, yazingatie haya:

Kubaliana kwanza na anayeishi mle. Ajue kila kamera iko wapi na aweze kuizima. Chumbani ni marufuku.

Anza na umeme. Weka betri ndogo ya kushikilia ruta na kamera umeme ukikatika. Kamera ikinyamaza, usidhani, piga simu.

Swichi za ukutani zibaki zikifanya kazi. Mama asikuombe wewe ruhusa ya kuwasha taa yake.

Pampu iachie fundi umeme. Soketi nyingi za waifai ni za ampea 10 au 16, na pampu huvuta umeme mwingi inapoanza. Ukiichomeka hovyo, unaweza kuunguza nyumba.

Badilisha neno la siri lililokuja na kamera. Fundi naye akimaliza kazi, asiondoke na neno lako jipya.

Uwe na namba ya jirani. Hakuna programu inayobisha hodi na kuingia na uji.

Kwetu, kamera ya sebuleni tumeing'oa. Ya mlangoni imebaki, na picha zake sasa zinaingia pia kwenye simu ya mama. Anaipenda, eti anamjua mgeni kabla hajafungua mlango. Pampu anaiwasha mwenyewe. Mimi nimebaki na kazi mbili tu: kuangalia LUKU isiishe, na kupiga simu saa moja jioni.

"Mwadila, mayu! Umekula nini leo?"

Hapo ananisimulia kuku, mvua, bei ya pamba, na nani kaoa. Nusu saa inakwisha, na hakuna kamera iliyowahi kunionyesha hata robo ya hayo.

Na wewe msomaji wangu, mara ya mwisho kumpigia mama ilikuwa lini? Weka gazeti chini kidogo, umpigie. Mimi nitakusubiri mwezi ujao.