Matembezi ya Kipupwe katika Milima ya Umatengo

Wako miongoni mwa ndugu zetu wanaodhani kwamba kutembea kwa miguu pasipo haja ya soko wala ya shamba ni kazi ya watalii wenye nafasi. Sisi hatukubaliani nao. Mwenyezi Mungu Mtukufu katika Sura Al-Ghaashiya ameielekeza nadhari ya mwanadamu kwenye milima, na mtu aipitaye ndani ya gari hali amesinzia hawezi kusema kuwa ameitazama. Kwa hivyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa vijana, habari za siku moja ya mwezi wa Julai tuliyotembea milimani wilayani Mbinga, kisha tukateremkia Ziwa Nyasa.

Tulikuwa watu kumi na wanne, wazee kwa vijana, na mabibi watatu pamoja na waume zao. Wengine walikuwa wenyeji wa Mbinga, na wengine walikuja jana yake kutoka Songea. Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri. Ukungu ulikuwa umefunika mabonde, na umande ulitulowesha hata magotini. Asiyeijua baridi ya huko wakati wa kipupwe asidanganyike kwa jina la Afrika; achukue sweta.

Jua lilipopanda tuliona jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo fahari ya nchi ile, nalo ni mashamba ya ngoro. Katika karne ya 19 vita vya Wangoni viliwasukuma Wamatengo wakasongamana kwenye miteremko mikali, nao wakalazimika kuilima bila ya kuiharibu. Kwenye mwezi wa Februari au Machi wanaume hufyeka majani, na yakisha kukauka huyapanga kwa mistari inayokatana, kama miraba ya msuli. Ndipo wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia majani yale. Katikati hubaki shimo na kandokando huwa tuta, na juu ya tuta hupandwa maharagwe. Majani huoza yakawa mbolea, na maji ya mvua hutua shimoni badala ya kuporomoka na udongo. Mwisho wa mwaka hupandwa mahindi mahali pale pale. Ukitazama kutoka ng'ambo ya bonde, mlima mzima waonekana kama sega la nyuki.

Mama mmoja mwenyeji alituambia kwamba wanawe wawili wamekwenda mjini, na kipande kimoja cha mteremko wake hakikufyekwa wala kuchimbwa kwa miaka miwili. Alituonyesha. Mashimo yalikuwa yamejaa udongo, na mvua ilikuwa imekata mfereji ambao mtoto angeweza kusimama ndani yake asionekane. Kando yake, shamba la jirani lilikuwa zima. Vijana wetu, ambao njia nzima walikuwa wakicheka, walinyamaza.

Ilipoingia Adhuhuri tulikuwa uani kwa mama huyo. Yeye ni Mkristo, kama walivyo wengi wa majirani zake. Maji yalikuwa baridi mno, na kijana mmoja akauliza: "Maalim, baridi hii si udhuru wa kutayamamu?" Maalim akamjibu: "La, mwanangu. Ingekuwa udhuru lau tungechelea madhara na tusiwe na cha kupashia maji moto." Mama yule aliposikia aliteleka sufuria kubwa, akatutandikia na mikeka. Mungu amlipe kheri.

Kijana mwingine alitaka kupaka maji juu ya soksi zake za pamba. Maalim alimfahamisha kuwa katika madhehebu yetu ya Imam Shafi hilo halifai. Khofu hupakwa maji iwapo ni tahiri, imefunika miguu hata vifundoni, yazuia maji kupenya, yaweza kutembelewa, na imevaliwa baada ya udhu kamili. Muda wake ni siku moja na usiku wake kwa mkaazi, na siku tatu kwa msafiri.

Hapo ndipo lilipozuka suala la kupunguza sala. Masafa yanayomruhusu mtu kupunguza ni marhala mbili, yaani zaidi ya kilomita 80. Kutoka Mbinga hata Mbamba Bay ni kilomita 66, basi sisi wa Mbinga hatukuwa na ruhusa hiyo. Wenzetu wa Songea walikuwa wamekwisha kupita karibu kilomita 100 kabla ya kufika Mbinga, na nia yao ilikuwa kurejea kesho yake. Wao walikuwa wasafiri. Kundi moja, mkeka mmoja, hukumu mbili! Mzee wa Songea alitangulia akasali rakaa mbili, na alipotoa salamu sisi tuliinuka tukakamilisha nne. Lau angalitangulia mmoja wetu, wao pia wangalilazimika kukamilisha.

Alasiri gari lilituteremsha Mbamba Bay. Ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na joto lake lilitufanya tuvue masweta njiani. Maji yale, ambayo kina chake hufika karibu mita 700, yalikuwa yakipiga mawimbi kwa upepo wa kusini, na wavuvi walikuwa wameyavuta mitumbwi yao mchangani. Dagaa walianikwa kila mahali. Mabibi wetu walinunua vifungu viwili vya kumpelekea yule mama wa milimani, na dereva alikubali kuvifikisha asubuhi.